Jumamosi tano Nairobi, mtaa mmoja kila wiki: niende wapi na nifike saa ngapi?

Mtoto wa Likoni

Wenyeji wa Nairobi, hamjambo. Mimi ni mtu wa Likoni, Mombasa. Ofisi imenileta huku kwa mafunzo ya wiki sita na nimefikia kwa shangazi yangu South B. Jumatatu hadi Ijumaa niko darasani. Jumapili ni ya kufua na kumsikiliza shangazi. Jumamosi ndiyo yangu, na zimebaki tano, maana ya kwanza nimekwisha kuiharibu.

Niliiharibu hivi. Wenzangu wa darasani walinipeleka Westlands, mahali penye taa za rangi na majani ya plastiki ukutani. Tulikaa mezani saa tisa mchana. Nikaona pilau kwenye orodha, nikasema angalau hii naijua. Ikaja kwenye kibakuli kidogo kama chetezo, nayo ni ya njano. Pilau ya njano, jamani! Nyama vipande vitatu, nilihesabu. Nikamwuliza yule kijana mhudumu, "Hii ni pilau kweli?" Akanijibu kwa adabu zote kwamba hiyo ni pilau ya kisasa. Sh1,450. Nilirudi South B nikala ugali kwa sukuma wiki huku shangazi akinicheka mpaka akatoa miwani.

Kuna jambo jingine linalonisukuma. Marehemu babu yangu, baba wa mama, alifanya kazi reli na akaishi kwenye landi (nyumba za wafanyakazi wa reli) za Muthurwa kabla mama hajazaliwa. Nairobi yake aliisimulia kwa vitu alivyokula. Mwisho wa mwezi, nyama ya Burma. Asubuhi akipata nafasi, mahamri ya Majengo "kwa watu wetu". Na Jumapili alitia viatu rangi, akaenda mjini kuwatazama simba wawili wa mawe mbele ya jumba ambalo yeye hakuruhusiwa kuingia. Hatukuwahi kujua ni jumba gani. Mama anadhani mzee alikuwa akitutungia.

Masharti yangu: Sh1,500 kwa siku, nauli ndani yake. Chakula kiwe halali. Pombe situmii, lakini vinywaji vingine navipenda kuliko chakula chenyewe. Miguu ninayo. Orodha za "sehemu kumi za kutembelea" nimezisoma zote na zote zinaanza na twiga. Nataka mtu aniambie: nenda mtaa huu, kula hiki, ukimaliza vuka barabara utazame kile.

---

Konda Mstaafu

Dada wa Likoni, pole kwa pilau. Mimi nimening'inia kwenye mlango wa matatu miaka kumi na tisa, kwanza 58 ya Buruburu, baadaye 9 ya Eastleigh. Konda hula pale gari linapopanga foleni, kwa hiyo mitaa naijua kwa saa. Na kosa lako nimeliona mara moja: saa tisa mchana! Saa tisa mchana Nairobi hakuna kilichoiva. Cha mchana kimekwisha, cha jioni bado hakijawekwa motoni. Unacholetewa saa hiyo ni kile walichokificha wasikile wenyewe.

Tuanze na Burma, kwa sababu ya babu. Panda matatu yoyote ya Jogoo Road, ushuke City Stadium, ambayo siku hizi imepewa jina la Joe Kadenge, ingawa ukimwambia makanga "nishushe Kadenge" atakutazama. Soko liko ng'ambo. Wazee wa pale husema jina lililetwa na askari waliorudi kutoka vita vya Burma. Fika saa tano na nusu. Ukifika saa saba na nusu utakuta mbavu nzuri zimekwenda na umebakiwa na mifupa yenye maelezo.

Utaratibu wake: usikae kwanza. Nenda kwenye bucha, nyama imening'inia, chagua kipande kwa kidole. "Hapa, mpaka hapa." Ukimwachia muuzaji achague, shauri yako. Kama unakula ng'ombe, ulizia nundu, ambayo mafuta yake hukolea chumvi kuliko sehemu nyingine yoyote. Atapima, atatia chumvi, itaenda jikoni. Hapo una dakika arobaini za kungoja na ndipo wageni hukosea: wanaagiza chipsi. Usiagize chipsi! Omba supu. Inakuja kwenye kikombe cha bati, moto wa kuunguza mdomo, na pilipili unajitilia mwenyewe. Kunywa polepole, sikiliza watu wakibishana kuhusu Gor na Leopards, timu zao za mpira. Nyama ikiiva jamaa ataileta kwenye ubao, ataikatakata mbele yako, chumvi kilima kidogo pembeni, kachumbari, ugali. Nusu kilo ukiwa na mwenzio inatosha. Ukiwa peke yako omba robo, wala usione haya.

Habari ya halali: uliza. Machinjioni kwetu wachinjaji wengi ni Waislamu, na mwenye bucha haoni vibaya kuulizwa. Anayeona vibaya, mwache na nyama yake.

Ukishiba, vuka Jogoo Road uingie Kaloleni. Mtaa ule ulijengwa miaka ya 1940, nyumba za mawe, za chini, zimezunguka viwanja vyenye miti mikubwa. Katikati kuna ukumbi ambao watu wa siasa za uhuru walikutania hadi ukabandikwa jina la House of Lords. Ukitoka kwenye vumbi la Jogoo Road ukaingia pale, sauti za magari zinakatika ghafla kama mtu aliyefunga mlango. Mimi nilikuwa nakwenda kulala chini ya mti wakati gari liko gereji.

Jioni, saa kumi na mbili, Buruburu au Umoja, mutura. Jiko liko kando ya barabara, moshi unakuita kabla hujaona mtu. Sema "ya mbao", yaani ya shilingi ishirini, kama unaonja tu, jamaa anakata kwa kisu kirefu, unakula umesimama, chumvi na pilipili kwenye ubao uleule wa kila mtu. Hakuna kinachoshinda hicho baada ya siku ndefu.

Kariokor nayo usiikose siku nyingine. Jina ni Carrier Corps, wapagazi wa Vita vya Kwanza, jina lilelile lililozaa Kariakoo ya Dar. Nyama choma ipo, lakini mimi ningekwenda kwa ajili ya viondo. Akina mama hukaa wakisuka huku wakikutajia bei bila kuinua kichwa.

---

Mjukuu wa Pumwani

Konda, mzee wangu, dada amesema HALALI. Mutura ina damu. Umemsifia kitu kwa sentensi nne na hawezi kukila.

---

Konda Mstaafu

Astaghfirullah. Hata hilo neno nimejifunza kwa abiria wa 9. Dada, futa mutura. Kula mahindi ya kuchoma, ndimu na pilipili, saa ileile, kona ileile.

---

Mjukuu wa Pumwani

Sasa nije kwako, dada yangu. "Kwa watu wetu" wa babu yako ni sisi. Pumwani ilianzishwa miaka ya 1920, serikali ya kikoloni ikiwakusanya Waafrika waliokuwa kwenye vijiji vyao vya mjini. Na sikiliza majina ya hivyo vijiji: Pangani, Maskini, Kaburini, na kimoja kikiitwa Mombasa. Ndiyo, kulikuwa na Mombasa ndani ya Nairobi. Vyote vilibomolewa, Pangani ikabaki jina, na watu wengi wakaishia Majengo, humu humu Pumwani. Ndiyo maana mpaka leo tuna Digo Road huku, mbali na bahari kilomita karibu mia tano. Bibi yangu hakuwahi kuiona bahari na Kiswahili chake kingekufanya uulize ni wa Vanga au wa Gasi.

Konda ana haki kwenye habari ya saa. Majengo ni ya asubuhi. Ukija saa nne utakuta sinia zimeoshwa. Njoo saa moja, Jumamosi, watoto wakielekea madrasa. Mahamri hukaangwa mlangoni kwenye karai nyeusi, unayaona yanavimba na kugeuka yenyewe. Mbaazi za nazi zinapakuliwa kutoka sufuria iliyofunikwa kwa sinia. Usinunue kwa yule wa kwanza unayekutana naye barabarani, ingia ndani kidogo, uone watoto wametumwa wapi na vibakuli. Mtoto aliyetumwa hakosei, maana akikosea anarudishwa.

Cha kunywa: kahawa tungu. Wazee hukaa kwenye baraza karibu na msikiti wa Riyadha, muuzaji ana birika la shaba na makaa chini yake. Vikombe vidogo vya kwetu unavijua. Salimia kwanza, keti, usitoe simu. Wakijua unatoka Likoni hutalipa kikombe cha kwanza, na baada ya hapo utaulizwa ukoo wako mpaka jina la babu wa tatu.

Soko la Gikomba liko hatua chache kutoka hapo, lakini siku ya kwanza usichanganye. Gikomba ni siku nzima peke yake na mfuko wenye zipu.

---

Farhiya wa Section Three

Naona Konda ametaja laini ya 9 na hajasema neno juu ya chakula cha Eastleigh. Miaka yote hiyo alikuwa anakula nini, biskuti?

Dada, karibu kwetu. Hapa halali huulizi. Lakini saa nayo ina mambo. Ijumaa adhuhuri maduka hufungwa, usije. Jumamosi njoo baada ya laasiri, saa kumi na moja hivi, jua limelegea na watu wametoka kununua. Kabla ya hapo ni mikokoteni, malori yanashusha marobota, na wewe katikati unakanyagwa.

Watu hudhani Eastleigh ni nguo na dhahabu. Ukitaka kujua maduka haya yalianzaje ulizia Garissa Lodge. Ilikuwa nyumba ya kulala wageni. Somalia iliposambaratika 1991, watu walifika na mali kidogo, wakawa wanalala na kuuza ndani ya chumba kimoja. Mchana kitanda ni meza ya duka. Vyumba vikawa vibanda, na majengo mengine ya ghorofa yakafuata mfano. Shangazi yangu mmoja aliuza khanga na manukato juu ya godoro lake, na bado humkemea mtu akikaa kitandani na nguo za nje.

Chakula. Agiza wali na nyama ya ngamia, na ndizi mbivu italetwa kando ya sahani bila kuiomba. Wageni wote huiweka kando wakidhani ni ya mwisho, kama tunda. Imenye, kata kipande, changanya na wali kwenye tonge lilelile. Utamu wa ndizi, chumvi ya mchuzi, na basbaas (pilipili yetu ya kijani) juu yake. Sahani moja inashibisha wawili, kwa hiyo mlete shangazi au njoo na njaa ya siku mbili. Kama ngamia inakutisha, omba suqaar, vijinyama vidogo vya kukaanga, na anjera, mkate wetu laini kama chapati. Ukiona dukani nyirinyiri (nyama iliyokaushwa na kuhifadhiwa kwenye mafuta), nunua mkebe mdogo, hudumu bila friji na utakumbuka Nairobi ukiwa Likoni.

Umesema unapenda vinywaji kuliko chakula. Basi hii ndiyo safari yako: chai ya maziwa ya ngamia. Ina ladha ya moshi. Kikombe cha kwanza utafikiri imeungua. Haijaungua. Vyombo vya maziwa hufukizwa kwa moshi wa kuni maalumu kabla ya kutiwa maziwa, ndiyo inayoyasaidia yasiharibike njiani kutoka malishoni, na huo moshi unabaki. Kikombe cha pili utaelewa. Cha tatu utanitafuta.

Ombi moja: usiwapige watu picha bila ruhusa, hasa kina mama wenye meza za barabarani. Piga picha chakula chako.

---

Nyar Gem

Nimesoma mpaka hapa, nyama, nyama, nyama. Nairobi ina samaki, watu wangu.

Dada wa pwani, najua utasema samaki unamjua. Wa bahari unamjua. Sangara na ngege wa ziwa hujakutana naye vizuri. Wengi huteremshwa Gikomba alfajiri, na ukitaka kuona kazi nenda kabla ya saa moja, uvae viatu vya kufunika vidole, chini kuna maji. Tazama matamvua: mekundu, chukua. Ya kahawia, endelea na safari. Na uliza anatoka wapi, maana kuna ngege wa kugandishwa kutoka China wanaouzwa pembeni mwa wale wa Victoria na Turkana, wamelala sawa kama wamepigwa pasi. Samaki aliyevuliwa ziwani halali sawa.

Kwa mtu ambaye hataki kupika, mchana nenda kwenye kibanda chochote chenye akina mama wa kwetu, Kaloleni wamo, Makongeni wamo. Mimi huagiza mzima, akaangwe kwanza kisha aingie kwenye nyanya na vitunguu, ugali wa mtama kama upo, osuga (mnavu) pembeni. Kuanzia mgongoni, kwa vidole. Kichwa usiache. Kuna mgeni wangu mmoja aliacha kichwa na mama mwenye kibanda akaja kumwuliza kama ni mgonjwa.

Ukitaka mahali penye kiti kizuri, Mama Oliech kule Kilimani. Mark Zuckerberg alikula ngege pale 2016, na kwa mikono, hilo namsifu. Lakini kwa Sh1,500 zako, dada, Kaloleni utakula, utarudi na chenji na nauli.

---

Kijana wa Highridge

Kila mtu Eastlands tu? Mtu akiwa Parklands ale nini, hewa?

Diamond Plaza, usiku, saa mbili hivi. Jiandae kisaikolojia: ukiingia tu uwanja wa chakula wahudumu sita watakujia mbio, kila mmoja na orodha ya kibanda chake, watakuwekea zote mezani kwako kama karata. Usishike hata moja. Kaa, pumua, sema "bhajia za maru, na mogo," yaani mihogo. Bhajia za viazi vilivyokatwa duara, zimeviringishwa kwenye unga wa dengu na kotmiri, chatini ya nyanya na karoti juu. Yule aliye karibu atakimbia, wengine watakununia kidogo halafu watamkimbilia mtu mwingine. Maji ya miwa, yenye ndimu na tangawizi, yakikamuliwa ukiona. Mwisho paan (tambuu), tamu, isiyo na tumbaku, sema hivyo mapema. Vibanda vingi ni vya halali na vya mboga tupu pia vipo.

Hakuna cha kutazama pale zaidi ya watu wenyewe. Familia nzima za watu kumi na wawili, bibi akiwa mwisho wa meza anaamua nani aongezewe nini.

---

Konda Mstaafu

Farhiya, nilikuwa nakula anjera na suqaar kila siku kwa miaka minane, sikutaja kwa sababu nilijua utakuja.

Nimekaa nafikiria simba wa babu. Dada, mama yako amwombe mzee msamaha kaburini. Simba wapo. Maktaba ya McMillan, Banda Street, imefunguliwa 1931, nguzo ndefu mbele, na simba wawili wamelala kila upande wa ngazi. Zamani ilikuwa ya Wazungu peke yao. Iko ubavuni mwa msikiti wa Jamia, kwa hiyo huenda babu alikuwa akitoka kuswali, anasimama, anatazama, anakwenda zake.

Na kama alikuwa mtu wa reli, kwanza nenda Makumbusho ya Reli, nyuma ya stesheni. Kuna injini kubwa za mvuke nje, unazipanda mwenyewe. Ulizia behewa la Ryall. Alikuwa afisa wa polisi wa reli, mwaka 1900, akalala ndani ya behewa stesheni ya Kima akimvizia simba mla watu. Usingizi ukamchukua, simba akaingia, akamchukua yeye. Behewa lenyewe lipo. (Kima hiyo ni kule njia ya Mombasa. Haihusiani na Nyamakima ya hapa mjini, ambayo ni nyama ya kusaga. Abiria walikuwa wakinibishia hili.)

KICC, lile jumba la mikutano, kama unataka kuona mji kwa juu, ghorofa 28, imekamilika 1973. Panda asubuhi kabla wingu na moshi havijakaa. Nusu saa inatosha.

---

Mtoto wa Likoni

Narudi na ripoti ya Jumamosi ya kwanza, au ya pili mkihesabu ile ya pilau ya njano.

Nilitoka South B saa kumi na mbili na robo, shangazi akidhani nina mchumba. Majengo nilifika saa moja kasoro dakika tano. Mjukuu wa Pumwani, nilifanya ulivyosema, nilisimama nikangoja mtoto. Akapita msichana mdogo mwenye kanzu ya madrasa na kibakuli cha manjano, nikamfuata kwa mbali kama mwizi, akaingia kichochoro, akatoka na mbaazi. Nikaingia alipotoka yeye. Mama mmoja, karai, kigoda. Akanitazama akasema, "Wewe si wa hapa, lakini mguu wako ni wa huku kwetu." Sijui maana yake mpaka sasa. Mahamri yake ni mazito kidogo kuliko ya nyumbani, hiliki kaiweka kwa mkono mwembamba, nasema ukweli. Ila mbaazi! Tui zito, lile la kwanza, juu limefanya utando, na pilipili moja nzima imeelea bila kupasuliwa. Nilikula mahamri matano. Yote na mbaazi Sh120.

Kahawa nilikunywa barazani. Kikombe cha kwanza kweli sikulipa. Mzee mmoja aliniuliza ukoo, nikataja, akafumba macho kidogo, kisha akasema alikuwepo mtu wa reli wa ukoo huo, mrefu, anatembea upande mmoja. Babu yangu alikuwa mfupi. Nikasema ndiyo, huenda ni yeye. Sikutaka kumvunja moyo na kahawa yake.

Muthurwa nilipita kwa miguu. Nilichokiona mimi ni soko na matatu, watu wamebeba magunia ya karoti vichwani wanapiga mluzi upishe. Sikusimama. Makumbusho ya Reli yalikuwa na watu wachache sana. Behewa la Ryall ni dogo kuliko nilivyodhani, la mbao, dirisha liko chini kiasi kwamba hata mbuzi angeingia. Mlinzi alinisimulia kisa chote tena kutoka mwanzo, akaigiza na simba. Ndani nilitafuta picha za wafanyakazi, nikapitia nyuso moja moja mpaka macho yakauma. Hayumo, au yumo na sikumjua akiwa kijana.

Simba wa Banda Street wako. Nilisimama nilipofikiria alisimama yeye, ng'ambo, kisha nikavuka, nikapanda ngazi katikati yao na kuweka mkono juu ya mguu wa yule wa kushoto. Jiwe lilikuwa baridi, upande wa jua nao una ufa mdogo. Nimempigia mama simu palepale. Alinyamaza muda mrefu halafu akauliza kama nimekula.

Burma nilifika saa sita na dakika ishirini kwa sababu ya hiyo simu. Konda, mbavu zilikuwa zimekwisha, kama ulivyosema! Nilichukua robo ya mbuzi, paja, na jamaa wa bucha aliponiona nimeomba supu badala ya chipsi aliniuliza nani amenifundisha. Nikasema ni konda wa 58. Akacheka, akasema basi huyo ana deni hapa. Sikuuliza la nani.

Kaloleni nililala chini ya mti. Kweli usingizi upo. Siku nzima imenigharimu Sh1,180.

Jumamosi ijayo ni Eastleigh na shangazi. Amekataa ngamia, lakini amesema atakunywa chai. Steji ya 9 mjini iko wapi hasa?

---

Konda Mstaafu

Deni hilo si langu, ni la dereva.

Steji huhamahama, nikikutajia kona leo utaikuta ya watu wa Kayole. Fika Tom Mboya Street, teremka kuelekea Ronald Ngala, utawasikia wanaita Eastleigh kabla ya kuwaona. Ulizia nauli kabla hujakanyaga ndani. Shangazi akae upande wa ndani, wewe dirishani, na simu iwe ndani ya mkoba si mkononi, maana hunyakuliwa kutoka nje gari likiwa kwenye foleni. Na mkiwa mnarudi mvua ikaanza, msikimbilie gari, nauli inakuwa imepanda. Agizeni kikombe kingine mngoje ikatike.